Kiota Hakizai Haramu

Wazee wa pwani husema kitanda hakizai haramu. Mtoto akizaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda, na mjadala umefungwa. Ni kanuni yenye huruma: inamkinga mtoto na maneno ya watu, inamlindia haki yake, inawazuia majirani wasichimbe yasiyowahusu. Lakini kanuni ya kumlinda mtoto si njia ya kumtambua baba. Wataalamu wa ndege wa Ulaya na Marekani, bila kuijua methali yetu, waliichukua maana yake wakaifanya sayansi kwa zaidi ya miaka 100. Walipoona dume na jike wakikaa kwenye kiota kimoja na kuwalisha makinda kwa zamu, waliandika daftarini: baba, mama, watoto wanne. Nani angeuliza zaidi?

Swali lilipokuja kuulizwa, liliitikisa elimu nzima ya uzazi wa wanyama. Nataka kueleza lilivyoulizwa na nani aliyeliuliza, kwa sababu wengi wetu tumesikia mwisho wa habari tu, kwamba hata ndege wana michepuko, tukaipokea kama umbea, na sehemu yake yenye thamani ikatupita.

Tuanze na kasisi. Frederick Orpen Morris alihudumu katika vijiji vya Yorkshire, Uingereza, na katika miaka ya 1850 alichapisha kwa awamu kitabu kikubwa cha ndege wa nchi yake, chenye picha za rangi, kilichosomwa na watu wa kawaida majumbani. Miongoni mwa ndege aliowasifu ni danoki. Huyu ni ndege wa kahawia na kijivu, ukubwa wake kama shomoro, hana madoido, na muda mwingi huonekana akiokota wadudu chini ya vichaka. Morris aliona ndani yake sura ya Mkristo mwema: mnyenyekevu, mkimya, asiyejipamba, na akawahimiza watu wauige mwenendo wake. Hakudanganya hata kidogo. Aliandika alichokiona nje ya kichaka, na mengi ya maisha ya danoki hupita ndani yake.

Charles Darwin, ambaye Morris alimpinga vikali, alilikaribia jambo zaidi. Katika kitabu chake cha 1871 juu ya asili ya binadamu na uteuzi wa kijinsia, alisimulia kisa alichopewa na jamaa yake William Darwin Fox, naye pia kasisi. Fox alifuga bata bukini wa aina mbili: jozi ya Kichina, na dume wa kawaida mwenye majike watatu. Makundi hayo yaliishi mbalimbali, mpaka dume wa Kichina alipomvuta jike mmoja wa kawaida akaenda kukaa naye. Lakini mayai ya wale majike wa kawaida yalipoanguliwa, vifaranga 4 tu walikuwa wa damu safi. 18 walikuwa machotara. Hesabu hiyo inadokeza kwamba mvuto wa yule mgeni haukuishia kwa jike mmoja aliyehama.

Darwin alikuwa na ushahidi mkononi kwamba jike mwenye dume wake anaweza kuzaa na dume mwingine. Hata hivyo, katika kitabu hichohicho aliweka kanuni kwamba jike, isipokuwa mara chache sana, hana hamu kama dume. Ni mwenye haya, wa kubembelezwa. Kanuni ikarithiwa na vizazi vya wasomi, na bata wa Fox wakasahauliwa.

Karne ya 20 iliitia kanuni hiyo nguvu ya hesabu. Mwaka 1948 mwanasayansi wa Uingereza, Angus Bateman, alichapisha majaribio aliyofanya na inzi wadogo wa matunda ndani ya chupa. Alihitimisha kwamba dume huongeza watoto kila anapoongeza majike, ilhali jike hana la kupata kwa kuongeza madume. Kisha mwaka 1968 David Lack wa Oxford, ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa katika fani ya ndege, alikadiria kwamba katika makundi ya ndege waimbaji, asilimia 93 huishi dume mmoja jike mmoja. Kama hesabu ya nani anaishi na nani, kauli ya Lack ilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba ilisomwa pia kama hesabu ya nani anazaa na nani, na hilo hakuna aliyekuwa amelipima.

Mabadiliko yalianzia kwenye kinyesi cha ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kijana aitwaye Geoff Parker alikuwa akipiga magoti kwenye malisho ya karibu na Bristol, akiwatazama inzi wa manjano wanaokusanyika kwenye kinyesi kibichi. Madume hufika kwanza na kusubiri. Jike akitua kutaga, dume humkamata na kumpanda, kisha haondoki: hubaki juu yake mpaka jike amalize kutaga. Kwa nini apoteze muda hivyo wakati majike wengine wanaingia? Parker alionyesha kwamba dume wa pili akimpata jike huyohuyo kabla hajataga, mbegu za huyo wa pili huchukua nafasi ya zile za kwanza kwa sehemu kubwa. Kumpanda jike, basi, hakutoshi kumfanya dume kuwa baba. Ndani ya mwili wa jike ushindani unaendelea. Makala yake ya 1970 juu ya ushindani wa mbegu kwa wadudu ndiyo iliyowapa watafiti macho mapya.

Miaka miwili baadaye Robert Trivers wa Harvard aliandika kwamba hata katika spishi ambazo wazazi hulea pamoja, dume anayemsaidia jike wake anaweza kufaidika akipata nafasi ya kuzaa na jike wa jirani bila kubeba mzigo wa kulea. Wazo hilo lilienea haraka. Naona pia kwamba lilienea kwa sababu halikumgusa jike: yeye bado alikuwa mtu wa kutafutwa, hakuna aliyemfikiria kama mwenye safari zake.

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu ulitoka kwa watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Huko Colorado, Marekani, watafiti walikuwa wakihangaika na ndege weusi wenye mabega mekundu, ambao huvamia mashamba ya nafaka kwa makundi makubwa. Dume wa ndege hawa hutawala kipande cha kinamasi, na majike kadhaa hujenga viota humo. Wazo lilikuwa rahisi: mfunge dume mirija ya mbegu, mrudishe kwenye himaya yake aendelee kuwafukuza wenzake, na majike wake wote watataga mayai viza. Bray, Kennelly na Guarino walifanya hivyo na kutoa matokeo mwaka 1975. Mayai mengi hayakuwa viza. Yalikuwa na vijusi vilivyo hai.

Kwa mkulima, mpango ulikuwa umeshindwa. Kwa elimu ya tabia za wanyama, lilikuwa jambo kubwa: dume mwenye himaya alikuwepo, alipigana, aliimba, na bado kuna dume mwingine aliyezaa humo. Lakini wengi walilipuuza kwa hoja iliyoonekana ya maana. Hawa ni ndege wa mitala, walisema. Wale wa jozi, wanaolea pamoja, hawawezi kuwa hivyo.

Patricia Gowaty aliwachagua hasa wale wa jozi. Alifanya kazi South Carolina na ndege wa buluu wa mashariki mwa Marekani, ambao Wamarekani huwatundikia vijumba vya mbao na kuwaona kama picha ya familia yenye heri. Kwa kuwa ndege hawa huishi ndani ya vijumba, makinda na wazazi hukamatika kwa urahisi. Kutoka kwa kila mmoja ilichukuliwa damu kidogo, na protini zake zikasukumwa kwa umeme kupitia utando wa jeli. Protini moja huweza kuwa na maumbo tofauti yanayorithiwa, na kila umbo husafiri kwa mwendo wake. Kinda akiwa na umbo ambalo hata mmoja wa jozi hana, mmoja wao si mzazi wake. Mwaka 1984 Gowaty na Alvan Karlin walichapisha matokeo: katika viota vya jozi hizo kulikuwa na makinda ambao dume wa kiota hakuwazaa, na wengine ambao hata jike wa kiota hakuwazaa, yai lilikuwa limewekwa humo na jike mwingine.

Gowaty alipoeleza matokeo hayo, alikutana na madai kwamba majike wake lazima walilazimishwa. Jibu lililokuwa tayari kichwani mwa watu lilikuwa hilo, kabla ya mtu yeyote kwenda kutazama. Lakini madume wa ndege wengi hawana uume. Mbegu hupita kwa kugusanisha kloaka, tundu moja linalotumika kwa choo na kwa uzazi, na jike asipoinua mkia hilo ni gumu sana kufanyika.

Gumu, lakini haina maana kwamba nguvu haitumiki popote. Huku kwetu, kwenye Bonde la Ufa karibu na Ziwa Nakuru, Stephen Emlen na Peter Wrege wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwafuatilia kwa miaka keremkerem wenye paji jeupe. Aliyepita maeneo ya Nakuru na Gilgil pengine amewaona: mgongo wa kijani, koo jekundu, paji jeupe juu ya kinyago cheusi, wamejipanga kwenye tawi mbele ya ukingo wa udongo uliojaa matundu. Kila tundu ni njia ya kuingia kiotani. Ndege hawa huishi kwa koo, na watoto waliokomaa huwasaidia wazazi, hata babu na shangazi, kulea. Watafiti waliwatia alama mbawani ili kila mmoja atambulike akiwa mbali.

Walichokiona si cha kupendeza. Katika siku za kutaga, jike akitoka shimoni peke yake, madume wa jirani humkimbiza angani, humwangusha chini na kung'ang'ana kumpanda. Wengi wa wakimbizaji hao wana majike wao kwenye ukingo uleule. Kinga ya jike ni kutotoka mpaka dume wake afike kumsindikiza. Na kuna majike ambao huingia kwenye shimo la wenzao na kuacha yai humo. Vipimo vya protini vilivyochapishwa mwaka 1987 vilithibitisha kwamba si makinda wote wa koloni lile walikuwa wa wazazi waliowalea. Nawataja keremkerem hawa kwa makusudi, maana ukiuliza jike anapata nini nje ya jozi, jibu la Nakuru kwa sehemu kubwa ni hasara na majeraha, na nadharia yoyote inayosahau hilo ina kasoro.

Protini zilikuwa na upungufu wake. Maumbo yake ni machache, kwa hiyo madume wawili wasio na undugu wanaweza kufanana, na kinda wa nje akapita bila kugundulika. Kilihitajika kipimo kinachomtofautisha kila kiumbe na mwenzake. Kilipatikana Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, Jumatatu ya tarehe 10 Septemba 1984, saa 3:05 asubuhi. Alec Jeffreys aliitoa filamu ya eksirei kwenye kemikali za kuisafishia, akaona safu za mistari myeusi kama alama za bei dukani. Sampuli zilikuwa za mfanyakazi wa maabara na wazazi wake, pamoja na za wanyama kadhaa, akiwemo sili, na hata za tumbaku. Kila mmoja alikuwa na mpangilio wake wa mistari. Na katika ile familia, kila mstari wa mtoto ulionekana ama kwa mama ama kwa baba.

Dunia inaijua filamu ile kwa sababu ya kesi za uhamiaji na mauaji zilizofuata. Lakini kwenye chuo kilekile alikuwepo mtu wa ndege, Terry Burke, na Nottingham palikuwa na kundi jingine lililowafuatilia shomoro. Mwaka 1987 toleo moja la jarida la Nature lilibeba makala za makundi yote mawili, zikionyesha kwamba kipimo cha Jeffreys kinawafaa ndege na kwamba katika viota vya shomoro, hawa hawa wanaojenga kwenye mapaa yetu, kuna makinda wa baba mwingine. Sasa hapakuwa na pa kujificha. Tone la damu kutoka kwenye mshipa wa bawa lilitosha.

Na hapo ndipo danoki alipojulikana kwa ukamilifu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Nick Davies alikuwa akiwafuatilia danoki wa Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kila ndege alivishwa pete za rangi miguuni. Alikuta jozi za dume mmoja na jike mmoja, ndiyo. Alikuta pia jike mwenye madume wawili, dume mwenye majike wawili, na makundi ambamo madume wawili wanashirikiana majike wawili au watatu. Chanzo cha mchanganyiko huo ni kwamba kila jike hushika eneo lake mwenyewe kwa kutegemea chakula na wingi wa vichaka, na madume huja kuweka mipaka yao juu ya ile ya majike. Eneo la jike likiwa dogo, dume mmoja hulimudu. Likiwa kubwa, wa pili hupenya.

Palipo na madume wawili, mkubwa humfuata jike hatua kwa hatua siku za kutaga zinapokaribia. Mdogo huvizia. Na jike, ambaye mtu wa nje angemdhani anaganda tu kati ya wanaomgombania, hujipenyeza chini ya kichaka kizito, humponyoka mkubwa na kwenda kumpa nafasi mdogo. Kabla ya kumpanda, dume husimama nyuma ya jike aliyeinua mkia na kuutetemesha, kisha humdonoa kloaka, na kudonoa huko huweza kuendelea hata dakika mbili. Kloaka huvimba, hugeuka rangi ya waridi, kisha hutoa tone dogo. Davies alipolitazama tone hilo kwa hadubini, lilikuwa limejaa mbegu za kiume za mara iliyopita. Dume akishaliona tone limetoka, humrukia jike na kumaliza kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mtago mmoja wa mayai, jambo hilo hurudiwa zaidi ya mara 100.

Mwaka 1989 Burke, Davies na wenzao walipima vinasaba vya familia hizo. Katika viota vya jike mwenye madume wawili, mara nyingi makinda walikuwa wa wote wawili. Jambo lililonigusa mimi zaidi ni la chakula. Dume mdogo aliwalisha makinda ikiwa tu alipata nafasi kwa jike wakati wa kutaga, na alisaidia kwa kadiri ya nafasi aliyopata. Lakini akishafika kiotani na mdudu mdomoni, hakumchagua mwanawe. Hakuwa na njia ya kumtambua. Alimlisha yeyote aliyepanua mdomo. Hapo ujanja wa jike chini ya kichaka unapata maana yake: aliyewapa nafasi madume wawili alipata walishaji wawili, na makinda wake walikula zaidi.

Najua watu wanavyocheka wakisikia habari ya danoki, wakimfikiria yule kasisi. Kicheko hicho sikipendi. Morris alimfanya danoki kuwa mahubiri ya unyenyekevu, na magazeti ya siku zetu yanamfanya ndege yuleyule kuwa mahubiri ya usaliti. Yote mawili yanamtumia ndege kusema na watu. Danoki hakuapa popote, hana wa kumsaliti, na anachokifanya chini ya kichaka kinahusu mayai, wadudu na majira mafupi ya joto ya Uingereza.

Baada ya 1987 matokeo yalimiminika. Huko Marekani, Susan Smith aliwafuatilia ndege wadogo wenye kofia nyeusi na mwaka 1988 akaeleza kwamba majike ndio waliotoka kwenye himaya zao kuwaendea madume wa jirani, na madume hao walikuwa wa cheo cha juu kuliko waume zao katika makundi ya majira ya baridi. Huko Ubelgiji, mwaka 1992, Bart Kempenaers na wenzake waliona mwelekeo kama huo kwa ndege wadogo wenye utosi wa buluu. Polepole swali liligeuka: badala ya kuuliza dume anaiba nini, watafiti wakaanza kuuliza jike anaenda wapi.

Hakuna mahali jibu lilipotoka wazi kama Canberra, Australia. Katika Bustani ya Taifa ya Mimea, Andrew Cockburn, Raoul Mulder na wenzao walimchunguza ndege mdogo mwenye mkia uliosimama wima. Dume ni buluu ya kung'aa na nyeusi. Jike ni kahawia. Wanaishi jozi kwa miaka, wanailinda himaya pamoja, na mara nyingi watoto wao wa kiume waliokomaa hubaki kuwasaidia kulea. Ungeapa kwamba hii ndiyo ndoa. Matokeo ya 1994 yalionyesha kwamba asilimia 76 ya makinda walikuwa wa madume wa nje ya kundi.

Nani aliyekuwa akivuka mpaka? Mchana watafiti waliwaona madume wa jirani wakija, mara nyingine na petali ya manjano mdomoni, wakijionyesha mbele ya jike kisha wakiondoka bila kumgusa. Mambo hayakuwa yakikamilika hapo. Michael Double na Cockburn waliwafunga majike redio ndogo sana na kuwafuatilia gizani. Siku mbili hadi nne kabla ya yai la kwanza, jike huondoka kabla ya alfajiri, hukatiza himaya za watu moja kwa moja, hufika kwa dume anayemtaka, na kurudi kwake mapema. Ni yeye anayekwenda, na anajua anakokwenda. Wale wenye wasaidizi wengi ndio waliozaa zaidi na madume wa nje, kwa kuwa hata mume akilegea kulisha, wasaidizi hujaza pengo.

Mwili wa jike nao una nafasi yake. Kila mfugaji wa kuku anajua kwamba ukimwondoa jogoo leo, kuku ataendelea kutaga mayai yanayoangua vifaranga kwa wiki mbili hivi. Ndani ya njia yake ya mayai mna vijirija vidogo vinavyohifadhi mbegu hai na kuzitoa kidogokidogo. Ndege waimbaji wanavyo pia. Hivyo ziara moja fupi ya alfajiri inaweza kuamua baba wa yai litakalotagwa siku kadhaa baadaye, huku mume akiwa amemganda jike mchana kutwa.

Mwaka 2002 Simon Griffith, Ian Owens na Katherine Thuman walizikusanya tafiti zote. Katika ndege wanaoishi jozi, spishi ambazo makinda wote ni wa jozi yenyewe hazikufika robo. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 11 ya makinda walikuwa wa dume wa nje. Viwango vinapishana mno: kwa aina moja ya ndege wa matete huko Uingereza ilifika asilimia 55, na kwa tumbusi weusi wa Marekani vipimo havikukuta hata mmoja. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanyika Ulaya na Amerika Kaskazini. Ndege wa tropiki, ambao ndio wengi duniani, waliguswa kidogo sana, na naliona hilo kama deni la vyuo vyetu.

Kwa nini jike huenda? Jibu lililopendwa lilikuwa kwamba anawatafutia watoto damu bora. Kisiwa cha Mandarte, Kanada, kimelitia jibu hilo doa. Huko shomoro waimbaji wamefuatiliwa kwa miongo, kila mmoja na nasaba yake, na zaidi ya robo ya makinda ni wa nje ya jozi. Jane Reid na wenzake walipowalinganisha na ndugu zao wa kiota kimoja, wa nje hawakuonekana kuwa bora. Kwa vipimo vingine walikuwa dhaifu zaidi. Mwaka 2011 Wolfgang Forstmeier na wenzake, wakitumia ndege wafugwao maabara nchini Ujerumani, walionyesha kwamba mwelekeo huo hurithiwa na kwamba binti huupata hata kupitia baba yake. Huenda, basi, kwa baadhi ya spishi jike hafaidiki na chochote. Anabeba tabia iliyowafaa madume wa ukoo wake. Naye Gowaty, mwaka 2012, alirudia na wenzake majaribio ya inzi ya Bateman kwa njia ya Bateman mwenyewe na kukuta kwamba mabadiliko ya maumbile aliyoyatumia kama alama za kuwatambua wazazi yalikuwa yakiwaua baadhi ya watoto kabla hawajahesabiwa. Msingi wa miaka 64 ulikuwa na ufa tangu siku ya kwanza.

Kwa wanyonyeshao, kuishi kwa jozi ni adimu: Dieter Lukas na Tim Clutton-Brock walihesabu mwaka 2013 kwamba ni kama asilimia 9 tu ya spishi. Mmoja wao ni wa vichaka vyetu. Digidigi, swala wa kilo tano hivi, ana jina la kisayansi linalomkumbusha John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19. Ukimwona mmoja kando ya barabara Tsavo au Tarangire, mtafute wa pili. Yupo hatua chache ndani ya kichaka. Peter Brotherton, Petr Komers na wenzao waliwachunguza digidigi wa Etosha, Namibia, wakapima vinasaba na kuchapisha mwaka 1997. Dume wa digidigi hamlei mtoto. Kazi yake ni kumfuata jike. Jike akienda choo, dume huja nyuma yake, hukwangua udongo juu ya kinyesi, huweka chake juu, kisha hupaka jirani yake utomvu mweusi wa tezi iliyo chini ya jicho, ili dume apitaye asinuse kwamba hapa kuna jike aliye tayari. Siku ambazo jike yuko tayari kupandwa hamwachi hata kidogo. Majike wanaishi mbalimbali mno kiasi kwamba dume mmoja hawezi kuwalinda wawili, na katika familia zilizopimwa Etosha hakupatikana mtoto hata mmoja wa dume wa nje.